Nesi Kalunde na Bakuli Chini ya Kanzu

Siku moja niliinywesha wodi nzima ya wanaume uji wenye chumvi mahali pa sukari, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Walidhani ni dawa. Walikunja nyuso, wakameza, wakarudisha vikombe na kusema, "Ahsante, bwana mpishi." Mzee mmoja wa Isevya, aliyelazwa kwa ajili ya mguu, alimwambia nesi kwamba dawa ya leo asubuhi ni kali sana, lakini anahisi mguu umeanza kupata nguvu.

Nesi akaja jikoni na kikombe kilichojaa, akakiweka mbele yangu, akasema neno moja tu.

"Kunywa."

Nikanywa chote, naye kasimama ananitazama, mikono kiunoni. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu hakikutoka chombo jikoni kwangu kabla sijakionja.

Nawaeleza haya ninyi vijana mnaoanza kazi ya jiko, iwe la hospitali, la shule au la hoteli, kwa sababu najua mnavyoniona: mzee Mrisho, mzoefu, hakukosea kamwe. Nilikosea sana. Tena niwaambie mapema, mteja wa hoteli chakula kikiwa kibaya atasukuma sahani na kukuita majina. Mgonjwa hasemi. Anafikiri ndivyo inavyotakiwa, au hana nguvu za kugombana nawe. Kwa hiyo ugomvi wake lazima uufanye wewe mwenyewe, kwa niaba yake, kabla sufuria haijatoka.

Nesi aliyeninywesha uji ule aliitwa Kalunde. Kama si yeye nisingeingia jiko la hospitali, na kama si yeye nisingekuwa na mke. Acha niwaeleze ilivyokuwa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Mimi nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni karibu na stesheni ya Tabora, mahali walipolala Wazungu waliosafiri kwa treni. Nilikuwa kijana mwenye majivuno. Nilijua kuoka mikate, kutengeneza supu ya nyanya, kukaanga samaki kutoka Kigoma mpaka ngozi ikalia. Nilivaa kofia nyeupe hata nikienda sokoni, ili watu wa mtaani kwetu Mtendeni wanione.

Mke wangu Tausi hakubabaika na kofia hiyo. Kila nikipika nyumbani alionja, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wazungu wana subira." Tulikuwa katika mwaka wa pili tu wa ndoa.

Basi Tausi akashikwa na homa. Siku ya kwanza tulisema malaria. Siku ya tano hakuinuka kitandani, na siku ya nane akawa anaongea na watu waliokufa zamani. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa jirani, godoro chini na mwavuli juu, tukampeleka hospitali. Daktari akasema ni homa ya matumbo. Dawa za siku hizi za ugonjwa ule sisi hatukuwa nazo. Alituambia wazi kwamba kazi kubwa ni kumtunza na kungoja.

Wodini ndiko nilikomkuta Nesi Kalunde. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mweusi kama chungu kipya, na sauti yake ilisikika kabla hajafika. Aliniuliza jina na kabila ili aandike.

"Mrisho. Mzaramo wa hapa hapa Tabora."

Akaacha kuandika. "Mzaramo! Babu zenu walikuja na msafara kubeba mizigo, wakafika hapa wakasahau njia ya kurudi. Mpaka leo mmejaa tu mjini."

Hapo nikajua ni Mnyamwezi. Mnajua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulivyo. Ulianzia kwenye njia ile ya misafara, na mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote na kukuchukulia chochote, ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Babu yangu kweli alikuja na msafara, akiwa mpishi wa wapagazi. Nilikuwa na huzuni isiyo kifani siku ile, lakini mdomo wangu ukajibu wenyewe.

"Hatukusahau njia, Nesi. Tuliwaonea huruma. Tuliwakuta hamjui kutia chumvi."

Alicheka, akamaliza kuandika, kisha akasema taratibu, "Mkeo nitamshika kama mdogo wangu. Nenda ukalale, mtani. Unanuka usingizi."

Wiki mbili zilizofuata sizisahau. Tausi alikuwa hajitambui. Nywele zake, ambazo alijivunia kuliko hata mimi na kofia yangu, zilianza kutoka kwa mafungu. Kila asubuhi Nesi Kalunde aliweka pazia kuzunguka kitanda, akamwosha. Mimi nilisimama nje ya pazia na ndoo, nikisikia.

"Tausi, mdogo wangu, sasa nashika mkono wako wa kulia. Maji ni ya uvuguvugu. Sasa nakugeuza upande wa dirishani. Sasa nafuta midomo, imekauka, vumilia kidogo."

Hivyo hivyo, kila kiungo, kila siku. Siku moja nikamuuliza, "Nesi, kwani anasikia?"

"Sijui," akasema. "Lakini mkono ni wake."

Vijana wangu, neno hilo nimelifikiria miaka yote hii. Mimi nilikuwa nimeanza kumlilia mke wangu kama mtu aliyekwisha ondoka. Yule mama wa watu alikuwa bado anamwomba ruhusa.

Hata kuhusu nywele aliona mbali. Alileta kanga yake mwenyewe kutoka nyumbani, laini, imefuliwa mara nyingi, akamfunga Tausi kichwa vizuri, kama mwanamke anayekwenda harusini. Akaniambia, "Akizinduka asikute kichwa wazi. Nywele nitamwambia mimi, kwa wakati wake. Wewe usithubutu kuropoka."

Siku ya kumi na sita tangu tulazwe, nasema tulazwe kwa sababu hata mimi nilikuwa kama nimelazwa, homa ikashuka. Tausi akafungua macho, akanitazama muda mrefu, akasema, "Umekonda. Nani anakupikia?"

Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Niliporudi, Nesi Kalunde akaniambia, "Wanaume wa Kizaramo. Mke akiumwa analia, akipona analia."

Sasa hapo ndipo nilipotaka kumuua mke wangu.

Hamjawahi kuona njaa kama ya mtu aliyetoka kwenye homa ile. Tausi alipewa maziwa yaliyochanganywa na maji, maji ya wali, uji mwepesi, basi. Naye akawa anaota chakula. Nikienda kumtazama saa kumi jioni hakuniuliza habari za nyumbani wala za jirani. Alinishika mkono na kuninong'oneza, "Mume wangu, ugali wa mtama. Na nsansa za karanga." Nsansa ni yale majani ya kunde tunayokausha, tukayapika kwa karanga. "Tonge tatu tu. Mbili. Mrisho, moja."

Siku tatu nilivumilia. Siku ya nne nikajiambia, mimi ni mpishi, mke wangu anakufa njaa mbele ya macho yangu, na hawa watu wa hospitali wanampa maji. Nikapika. Tena nilipika kwa moyo wangu wote. Nikaweka kwenye bakuli la bati, nikafunika, nikalifunga tumboni kwa kitambaa, nikavaa kanzu juu yake.

Bakuli lilikuwa la moto. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kutoka Mtendeni mpaka hospitali nilitembea nimejipinda nyuma, nimeshika kiuno, nauma meno. Nikaingia wodini taratibu, nikiwasalimu watu kwa adabu nyingi. Nimefika vitanda viwili kabla ya kitanda cha Tausi, nikasikia nyuma yangu:

"Bwana Mrisho! Jana ulikuwa na tumbo lako la kawaida. Mimba hii ni ya miezi mingapi?"

Wodi nzima ikacheka. Nesi Kalunde akanishika kiwiko, akanitoa nje mpaka kwenye benchi, akaninyooshea mikono miwili. Nikafungua kanzu, nikampa bakuli. Akalifunua, akanusa.

Nilijiandaa kutukanwa. Hakutukana. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Mtani," akasema, "unajua ugonjwa huu unafanya nini tumboni?"

"Homa ya matumbo ni homa tu, Nesi. Na homa imeshuka."

"Homa imeshuka, lakini utumbo wake una vidonda. Umebaki mwembamba kama karatasi ya kufungia sukari iliyoloa maji. Tonge moja la ugali huu lingepita pale lingetoboa. Leo angekushukuru. Kesho angeshika tumbo. Kesho kutwa ungemzika."

Nilikuwa nimekaa, lakini nilishika benchi kama mtu anayeanguka.

"Ni yeye aliyeomba," nikasema.

"Wote huomba. Njaa ni dalili njema, maana yake mwili unarudi. Lakini nimewaona waliovuka homa yote salama, wakaja kuuawa na bakuli la mtu aliyewapenda." Akalitazama bakuli. Nadhani alikuwa akimkumbuka mtu fulani, sikumuuliza nani. "Kosa ni langu pia. Nilimweleza mgonjwa, sikukueleza wewe mpishi."

Kisha akanawa mikono kwenye ndoo iliyokuwa pale, akakaa kando yangu, akakata tonge, akachovya nsansa, akala.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakula chakula cha mtani wangu. Unafikiri kitatupwa? Hiki kimepikwa na mtu anayempenda mkewe." Akatafuna. "Na karanga umezitwanga vizuri. Kula nawe. Najua hujala."

Tukala pamoja, pale kwenye benchi, bakuli lile ambalo lingeniulia mke. Nilikula huku machozi yananitoka, naye hakuyataja. Alipomaliza akasema, "Kesho asubuhi njoo na kitu cha kunywa. Kiwe maji matupu kwa tumbo lakini ulimi udhani umekula. Kama wewe ni mpishi kweli."

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Nikaenda nyumbani nikachinja kuku.

Kesho yake nikaleta supu. Nesi akainamisha kikombe, akaona macho ya mafuta yanaelea juu. "Hii ni ya Wazungu wako wa stesheni," akasema, akairudisha. Siku iliyofuata nikaleta uji wa ulezi. Akaumimina polepole kwenye kitambaa cheupe, akanionyesha madonge matatu madogo kama punje za mchele. "Hili la kumtoboa yeye, hili la kukuliza wewe, hili la kunipeleka mimi kwa daktari kujieleza." Akaurudisha pia.

Siku ya tatu nikaacha majivuno, nikafikiri. Na sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojifunza kazi. Supu ya mgonjwa ichemshe leo kwa ajili ya kesho. Iache ipoe kabisa, mafuta yatapanda juu na kuganda, uyaondoe yote kwa kijiko, ndipo uipashe moto tena mpaka ichemke. Uji uchuje mara mbili kwa kitambaa cha marikani kilichochemshwa, na usiukamue kwa nguvu, ukikamua madonge yanapita. Usijaze kikombe. Mgonjwa akiona kikombe kimejaa anachoka kabla hajaanza. Mpe kidogo, umpe mara nyingi. Na kabla ya yote muulize, au waulize ndugu zake, alipokuwa mtoto akiumwa mama yake alimpa nini. Chakula cha mgonjwa huanzia hapo.

Mimi nilikumbuka Tausi akisema mama yake alimpa uji wenye asali. Nikatafuta asali safi ya msituni, nikauchuja uji wa ulezi mara mbili, nikatia kiasi. Nesi Kalunde akainamisha kikombe, akautazama kwenye mwanga, akauonja kwa kijiko chake. Akakaa kimya kidogo, kama Tausi alivyokuwa akifanya.

"Mpelekee," akasema.

Tausi akanywa vijiko vitano, akafumba macho. "Huu kaupika nani?"

"Mimi."

"Muongo."

Siku zikaenda. Kila asubuhi nilipitia hospitali na kikombe kabla ya kwenda kuwapikia Wazungu mayai. Nesi alimwambia habari za nywele siku alipoona ana nguvu za kuzisikia. Walilia wote wawili dakika chache, kisha nikasikia wanacheka nyuma ya pazia, na mpaka leo hawajaniambia walicheka nini. Na siku daktari aliporuhusu chakula laini, nilileta wali uliopondwa mpaka ukawa kama pamba. Wodi nzima ilikuwa inatazama. Tausi akaweka kijiko mdomoni, akatafuna taratibu, akameza.

"Chumvi iko wapi?" akasema.

Nesi Kalunde alicheka mpaka akashika nguzo ya kitanda. "Huyu amepona," akasema. "Mchukue. Akianza kudai chumvi mimi sina kazi naye tena."

Tulipotulia nyumbani tukaenda kwake Isevya kushukuru, mimi na Tausi, na jogoo na kibuyu cha asali. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema. Nikaanza, "Nesi, wema uliotufanyia..." Akanikata.

"Mtani, jogoo nimempokea, asali nimeipokea. Maneno kaa nayo. Kama una nguvu za kuongea una nguvu za kupika. Kuna Muha mmoja kitanda cha nne wodi ya wanaume, aliugua kwenye treni akienda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Hana ndugu hapa. Ana homa ile ile. Uji wa jikoni kwetu haupiti kooni."

Nikampikia yule Muha. Alipopona akaja mwingine. Mpishi wa hospitali alikuwa mzee sana, haoni vizuri, naye alipoacha kazi niliomba nafasi yake. Bwana wangu wa nyumba ya wageni alishangaa, akaniuliza kwa nini naacha kuwapikia watu wakubwa. Nikamwambia, "Bwana, nimepata wageni wasioweza kufika mezani." Sijui kama alinielewa. Kofia yangu niliondoka nayo.

Miaka mingi tulifanya kazi pamoja, mimi jikoni, Nesi Kalunde wodini. Alinitukana kila siku ya Mungu. Nilipoletewa jiko la chuma la kwanza nikaunguza maharage ya watu wote, alipita akitangaza kwamba Wazaramo wamechoma hospitali. Lakini kila nilipojaribu kumshukuru sawasawa alinipa kazi nyingine.

Alipostaafu alirudi kwao, karibu na Usinge. Ilikuwa mwishoni mwishoni mwa Mwingereza, kila mtu anazungumza habari za Uhuru. Miezi michache baadaye mimi na Tausi tukapanda treni ya Kigoma kwenda kumtazama. Tulimkuta shambani na jembe, amevaa gauni la kazi, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mwanamke wa kawaida tu, na magoti yanamuuma.

Baba yake alikuwa bado hai, mkulima mkongwe, mtu wa kanisa la Moravian, amekaa kwenye kigoda na fimbo yake. Tausi akapiga magoti, tukamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, Baba," naye akafurahi. Katika mazungumzo nikagundua kwamba mzee yule hajui binti yake alifanya nini Tabora. Alijua tu kwamba aliondoka akiwa msichana, hakuolewa, akaenda kuosha watu wasio ndugu zake. Alilisema bila chuki, kama mtu anayetaja mwaka wa ukame.

"Huko mjini," akasema, "aliosha mashuka."

Nikamtazama Nesi Kalunde. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. Basi nikasimama. Nilimweleza yule mzee kila kitu: mkokoteni, pazia, mkono wa kulia, kanga, bakuli la moto tumboni, benchi. Mara mbili Nesi alifungua mdomo kunikatiza, na mara mbili Tausi alimshika goti akamwambia, "Dada, tulia." Nilisema mpaka nikamaliza. Wadogo zake walikuwa wametoka ndani, wamesimama mlangoni.

Mzee aliigeuza fimbo yake mikononi. Kisha akaniuliza, "Watu kama hao walikuwa wangapi?"

Nani aliwahesabu? Tausi ndiye aliyejibu. Aliweka mkono kifuani pake.

"Baba, mimi namjua mmoja."

Mzee akamtazama Tausi, akamtazama kichwani, ambako nywele zilikuwa zimejaa tena zamani sana, nyingi, zimesukwa. Akainuka kwenye kigoda chake, polepole, akishikilia fimbo.

"Kalunde," akasema, "njoo ukae hapa."

Nesi Kalunde akaacha mboga, akafuta mikono kwenye gauni, akaenda akakaa, na baba yake akabaki amesimama.